Msomaji Bora wa Shule Nambari Kumi na Saba

Watoto walimwita Mwalimu Tena, na hata walimu wenzake walipomsengenya ofisini walitumia jina hilohilo. Hakuchukia. Ukipita nje ya darasa lake la tatu saa yoyote ya asubuhi, ungesikia sauti yake ikipanda juu ya sauti za watoto tisini na wanne: "Tena!" Darasa zima linaimba sentensi iliyoandikwa ubaoni. "Tena!" Linaimba. Wa dirishani anaimba huku anachokoa pua, wa nyuma kabisa haoni hata huo ubao, anaimba vilevile. Na wewe mpita njia ungesema, ah, hawa watoto wanasoma kweli.

Usimcheke, tafadhali. Watoto tisini na wanne, madawati ishirini na manane, vitabu kumi na tisa, na vitatu kati ya hivyo havina jalada. Mtu mmoja, koo moja, na chaki ambayo ukiiacha mezani darasa la nne wanaiiba. Angefanyaje? Hao wanaoandika vitabu vya ualimu wangekuja kuishika ile chaki wiki moja tu, tungeonana. Miaka ishirini na mitatu alifundisha hivyo. Kila mwaka nusu ya darasa ilitoka inasoma, nusu nyingine ilitoka kama ilivyoingia, ikapandishwa la nne, naye akaiombea kwa Mungu na kuwageukia wanaoingia.

Ila mwaka huu ninaousimulia, kwenye hiyo nusu nyingine alikuwemo mtoto wa nyumbani kwake.

Mtoto huyo ni wa mdogo wake. Walizaliwa wawili tu, wa kike wote, na baba yao hakuwa na uwezo wa kusomesha zaidi ya mmoja. Mkubwa akaenda shule, mdogo akabaki na kuku na ndoo za maji. Mdogo hakulalamika hata siku moja, na hilo lilimuuma mkubwa kuliko lawama yoyote. Alikuwa akipata kipande cha gazeti kilichofungiwa sabuni, anakigeuzageuza, kisha anamwuliza dada yake, "Hapa wanasemaje?" Alipolazwa hospitali mara ya mwisho, mwanawe wa kike ana miaka mitano, hakuwa na pumzi ya maneno mengi. Alisema, "Dada, huyu asome." Mwalimu Tena akamjibu, "Atasoma. Mimi si mwalimu? Atakosaje kusoma?"

Mtoto akaja na mfuko mmoja wa nguo na mdomo usiofunga. Wakampa jina la Redio, maana alichokisikia mara moja alikirudisha chote, pamoja na sauti ya mwenyewe. Mahubiri, tangazo la dawa ya mbu, mpira unaotangazwa kwa jirani, ugomvi wa wapangaji wa chumba cha pili na matusi yake yote. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama mmoja muuza mkaa alimpa kipande cha muwa kila jioni ili amwigize mumewe akirudi amelewa, na huyo mume siku moja akapita, akasikia, akasimama pale na yeye acheke. Kila mtu alisema mtoto huyu ana akili, kairithi kwa mama yake mkubwa. Mwalimu Tena alitabasamu na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesifiwa nguo mpya.

Kwa miaka miwili ya kwanza ya shule hakugundua. Nani angegundua? Redio alishika kitabu, akapitisha kidole, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, kwa sababu darasa lilikuwa limeshauimba ukurasa huo mara kumi. Siku aliyogundua ilikuwa Jumamosi mchana, wako uani wanachambua maharage. Mwalimu Tena alichukua kijiti akaandika kwenye vumbi neno moja, maji. Mchezo tu, wala hakuwa na nia yoyote.

"Hebu soma hapo."

Redio akalitazama vumbi. Kisha akainua macho akamtazama mama yake mkubwa usoni, akiikazia macho midomo yake kama mtu anayesubiri kudokezwa. "Kuku," akasema. Uso wa mama mkubwa ukabadilika. "Mbuzi?" Uso ukakunjamana. Mtoto akataja maneno saba, moja baada ya jingine, na kwa kila neno aliuangalia uso, si vumbi.

Mwalimu Tena akalifuta neno kwa kandambili kabla jirani hajapita.

Hapo, ukiniuliza mimi, ndipo kila kitu kilipoharibika, pale alipofuta. Mficha uchi hazai. Methali hiyo aliwafundisha watoto kila mwaka, ameiandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani darasani, juu kidogo ya ramani. Lakini mwalimu mwenye mtoto asiyejua kusoma ni sawa na fundi cherehani anayetembea na suruali iliyochanika. Nani atampelekea kitambaa? Basi akaamua kulimaliza jambo hilo ndani, mlango umefungwa. Aliandika herufi kwenye vifuniko vya soda. Akaziandika kwenye unga uliotandazwa sinia. Akaimba, akaahidi viatu vipya, na mwisho, Mungu amsamehe, akachukua fimbo. Herufi ziliingia asubuhi, jioni hazipo. Mtoto alilia, na yeye akalia, kila mmoja na upande wake wa chumba.

"Mama mkubwa, zinacheza," Redio alimwambia siku moja. "Nikizitazama zinacheza."

"Acha uvivu," alimjibu.

Ndipo mtafiti akaja. Alikuwa dada mmoja mwembamba kutoka chuo kikuu, viatu vimejaa vumbi, begi mgongoni kama mwanafunzi. Mwalimu Mkuu alimtambulisha kuwa ni daktari wa elimu. Basi walimu wakamwita Daktari, na mwalimu wa hesabu, ambaye utani wake haukuwa na mwisho, akapandisha suruali amwonyeshe goti linalomsumbua. Daktari akacheka, akaliangalia lile goti kwa makini, akasema hili linahitaji likizo. Wakampenda papo hapo.

Kisha akaeleza kilichomleta. Wanazunguka shule sitini, za mjini, za mashambani, hata zile za kambini wanakosomea watoto waliokimbia makwao. Kila shule ina nambari, jina halitatajwa popote. "Ninyi ni nambari kumi na saba," alisema. "Siku ya siku nitachagua watoto ishirini wa darasa la tatu kwa bahati nasibu, kila mmoja anisomee hadithi fupi kwa dakika moja. Shule ishirini zenye shida kuliko zote zitapewa mwalimu wa ziada miaka miwili. Kazi yake ni moja tu, kukaa na watoto waliokwama, sita sita. Kwa hiyo nawaomba sana wazee wangu, msiwaandae watoto. Hatuwapimi walimu. Mkionekana hamna shida, huyo mwalimu nitampeleka kwingine."

Jamani, aseme nini tena? Aliweka wazi kila kitu. Walimu wote wakatikisa vichwa kukubali, na hakuna hata mmoja aliyeamini. Kila mgeni aliyewahi kuingia ofisi ile alianza na hayo hayo, hatuwapimi walimu. Mkaguzi aliyepita alisema hivyo asubuhi, na saa sita alikuwa amesimama mbele ya darasa la Mwalimu Tena akiyasoma makosa yake kwa sauti, watoto wanasikiliza, wengine wanacheka. Muhula ule walimu wawili walihamishiwa mahali pasipo na barabara.

Lakini Daktari alikuwa hajamaliza. "Kuna watoto," alisema, "wana akili timamu kabisa, ni hodari wa kusimulia, ila herufi hazitulii machoni. Wengine wanasema zinacheza. Huo si uvivu. Ipo njia ya kuwafundisha, na tumeiona inafanya kazi."

Mwalimu Tena alishika ukingo wa meza. Angesema tu, ninaye mmoja, yuko nyumbani kwangu. Lakini kulia kwake ameketi Mwalimu Mkuu na tai yake nyekundu, kushoto mwalimu wa hesabu, na mbele yake kikombe cha chai iliyopoa. Akanywa chai.

Wiki hiyohiyo rafiki yake, mwalimu wa shule ya ng'ambo ya barabara, akamletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Shule yao haikuwa kwenye zile sitini. Daktari alipitia pale mwanzo kabisa kujaribia mtihani wake kama unakwenda sawa, na huyu rafiki, ambaye kwa kunakili ni fundi, aliichukua hadithi yote kwa kalamu wakati mgeni amekwenda kunawa mikono. "Chukua shoga yangu," alisema. "Usije ukaaibika mbele za watu." Alimletea kwa mapenzi, na hilo nalitaka lijulikane. Hakuna aliyemtakia mwenzake mabaya katika habari hii.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mbuzi wetu ana kengele shingoni. Kila asubuhi kengele inalia. Siku moja hatukuisikia. Mama akasema, mbuzi amepotea. Tukamtafuta shambani, tukamtafuta njiani. Jioni tukasikia kengele. Mbuzi alikuwa nyuma ya nyumba, anakula majani.

Mwalimu Mkuu aliisoma mara mbili, uso unang'aa. "Mgeni akija, nyumba hufagiliwa," alisema. "Kuna ubaya gani hapo?"

"Lakini Mkuu, yule dada kasema tukionekana wabovu ndiyo tunasaidiwa."

Mkuu akacheka mpaka tai ikacheza. "Mwalimu, wewe umezaliwa jana? Lini umeona aliyefeli akapewa zawadi?"

Na ukweli usemwe, hakutafuta jibu sana. Mkuu hakumshika mkono. Angeweza kuirudisha ile karatasi, au kuichana, au kumsahau mbuzi na kengele yake. Lakini usiku na mchana alikuwa akiwaza jambo moja tu: Redio ameketi mbele ya mgeni, anaangalia karatasi, halafu anainua macho kumtazama mgeni usoni. Shule nzima ingejua kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Na kwa karatasi ile, Redio asingeaibika. Kwa karatasi ile Redio angewashinda wote.

Wakaimba wiki mbili. "Tena!" Mbuzi wetu ana kengele shingoni. "Tena!" Aliwafundisha mpaka namna ya kupitisha kidole, kianzie hapa, kiteremke hivi, kifike mwisho wa mstari pamoja na neno la mwisho. Watoto kumi na mmoja hawakuweza kuishika hata kwa kuimba. Aliwaita pembeni siku moja kabla. "Kesho msije, wanangu. Pumzikeni." Wakarukaruka kwa furaha, maskini, wakakimbia wakipiga makelele. Hao kumi na mmoja ndio hasa ambao Daktari alitoka chuo kikuu kuwatafuta.

Siku ya mtihani Daktari alikaa kwenye stoo ya mipira, meza moja, viti viwili, saa mkononi. Nambari zikachotwa kwenye mfuko wa nguo, na ya Redio ikatoka. Mwalimu Tena alisimama nje ya dirisha lenye kioo kilichovunjika akijifanya anapanga madaftari. Akamwona mtoto ameketi wima, kidole kimewekwa mahali pake. Redio akafungua kinywa, hadithi ikatoka yote, safi, kwa sekunde ishirini na tisa. Daktari akauliza maswali matano. Mbuzi alikuwa na nini shingoni? Alionekana wapi? Redio alijibu yote, na la mwisho akaongeza na sauti ya mbuzi anayetafuna. Daktari akacheka kwa sauti. Akampa penseli mpya yenye kifutio, akampiga picha.

Halafu akatoka nje, akasimama mbele ya Mwalimu Tena, na kile kicheko kimeshamtoka.

"Mwalimu, samahani. Naomba nikuulize kitu kama ningemwuliza mama yangu." Alishusha sauti. "Watoto wako wote wanapumua mahali pamoja. Baada ya neno njiani. Wote kumi na wanne niliowasikia mpaka sasa. Kuna jambo ninalopaswa kulijua?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyemtisha, hakuna aliyempiga. Mkuu alikuwa mwisho wa baraza, mbali, anaongea na simu. Redio amesimama kizingitini na penseli yake, anamwangalia mama yake mkubwa usoni, anasubiri uso ule umwambie kama amefanya vizuri.

"Hakuna, mwanangu," Mwalimu Tena alisema. "Ni watoto wanaopenda kusoma."

Daktari akainamisha kichwa, akaandika alichoambiwa. Kazi yake ilikuwa hiyo. Hawezi kuandika asichokishuhudia.

Jioni ile Redio alilala kifudifudi kitandani akiichunguza penseli. "Mama mkubwa," akasema, "kwa hiyo sasa najua kusoma?"

Mwalimu Tena alikuwa anakunja nguo. Aliikunja blauzi moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Unajua," akasema.

Majibu yalikuja kwa barua yenye mhuri. Shule nambari kumi na saba ilikuwa miongoni mwa zile tatu za juu kabisa, na mtoto mmoja wa darasa la tatu alikuwa amesoma kwa kasi kuliko watoto wote wa shule sitini. Mkuu aliwatangazia watoto mstarini. Redio akainuliwa juu ya meza, akapigiwa makofi, na tangu siku hiyo kwenye faili lake kukaandikwa kwa wino mwekundu: msomaji bora. Mwisho wa barua, kwa maneno ya adabu, waliwashukuru na kusema shule yao haihitaji mwalimu wa ziada.

Mwalimu huyo akapelekwa shule ya nyuma ya soko. Mwalimu Tena alivumilia muhula mmoja, wa pili akashindwa, akaenda kuchungulia. Aliwakuta watoto sita kwenye mkeka, na kijana mpole ameketi katikati yao. Walikuwa wakipitisha vidole juu ya herufi zilizokatwa kwenye kitambaa kinachokwaruza, moja moja, taratibu, wakizitamka. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyesema, "Tena!" Mtoto mmoja aliyekuwa ameachia mate kwa kukazana alisoma neno, peke yake, neno ambalo hakuna aliyekuwa amemtajia, kisha akaangalia juu kama aliyeguswa begani. Neno lilikuwa maji. Mwalimu Tena aliegemea ukuta.

Alimsubiri yule kijana atoke. "Baba, ninaye mmoja. Nitamleta mwenyewe kila siku, nitasubiri hapa nje."

Kijana alimwonea huruma, ilionekana. Akasema watoto huchukuliwa kwa orodha, lakini hebu amtaje, huenda akamwombea kwa wakubwa. Akafungua daftari lenye majina ya watoto wote waliopimwa, akapitisha kidole, kidole kikasimama. Akainua macho, anatabasamu, akidhani anataniwa. "Mama, huyu si ndiye yule aliyekuwa wa kwanza kwa kusoma?"

Miaka ikaenda. Redio akaingia la nne, akaingia la tano, na huko hakuna anayeimba. Huko mwalimu anasema fungueni ukurasa wa arobaini, someni kimya, jibuni maswali. Redio akaanza kuleta sifuri. Angekuwa mtoto mwingine wangesema hajaweza, labda wangemwacha nyuma akae na wadogo zake aanze upya. Lakini faili lilisema msomaji bora. Basi walimu wakasema anafanya makusudi. Ana kiburi, kwa kuwa analelewa na mwalimu. Mwalimu wa hesabu yuleyule, mtu wa utani, alimchapa mbele ya darasa kwa sababu hakujibu swali la maneno, na akampitia Mwalimu Tena ofisini kumwambia, "Dada, yule wako anatudharau." Mwalimu Tena akasema, "Nitamsema nyumbani." Hivyo tu ndivyo alivyosema. Angesema nini? Kila siku iliyopita uongo ulikuwa mzito zaidi kuunyanyua, na yeye ndiye aliyeuweka pale.

Na Redio akanyamaza. Si ghafla. Kwanza aliacha mahubiri, halafu mpira, halafu mama wa mkaa akamwita amwigize mumewe, akasema kichwa kinamwuma. Akiwa na miaka kumi na miwili nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba ulisikia saa ya ukutani. Watu walisema amekua, amekuwa binti mwenye adabu. Mwalimu Tena aliyasikia hayo akatamani ardhi ipasuke.

Mwezi aliotimiza miaka hiyo kumi na miwili, Mwalimu Tena alivaa gauni lake la sherehe akaenda chuo kikuu. Hakumwambia mtu. Alizunguka majengo matatu akiuliza, hadi akafika mlango wenye jina la Daktari. Alimkuta amezungukwa na maboksi, anapakia. Mradi umefungwa, alisema, anahamia kazi nyingine mbali. Alimkumbuka palepale. "Shule kumi na saba! Karibu mama, karibu ukae." Hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, tangu neno la kwenye vumbi mpaka karatasi iliyokunjwa mara nne, mpaka watoto kumi na mmoja, mpaka jibu alilompa barazani.

Daktari aliweka chini kitabu alichokuwa ameshika.

"Nilikuuliza, Mwalimu," alisema. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Nilikuuliza pale nje."

"Uliniuliza."

"Ile shule yako tumeiandika kama mfano. Tumesema darasa kubwa si kizuizi, mradi mwalimu awe na moyo. Watu wanaopanga mambo wameisoma. Wamesema basi, walimu wa ziada hawahitajiki sana." Alifuta uso kwa kiganja. "Nitaandika barua ya kusahihisha. Nitaandika leo. Lakini sijui nani ataisoma."

"Na mtoto?"

Wale walimu wa ziada wameshatawanyika, Daktari alisema, kila mmoja na kazi yake, yule wa nyuma ya soko sasa anauza simu. Vile vitambaa vya herufi viko kwenye boksi mojawapo, anaweza kumpa, achukue vyote. Lakini ni lazima mtu awe amefundishwa namna ya kuvitumia, na awe na muda, na mtoto awe bado hajakata tamaa. "Anaendeleaje sasa?" aliuliza. "Bado anachekesha?"

Mwalimu Tena akatikisa kichwa. Alipewa furushi la vitambaa na kitabu cha ripoti, kizuri, karatasi zinateleza. Akashukuru. Akatoka.

Alifika nyumbani jua lingali juu. Redio alikuwa uani anafua sare. Mwalimu Tena aliketi kwenye kigoda na gauni lake la sherehe, akafungua furushi, akatandaza herufi za kitambaa kwenye mapaja. Alijaribu kukumbuka yule kijana alianzia wapi, alipitisha kidole juu kwenda chini au chini kwenda juu, alitamka kwanza au alinyamaza kwanza. Hakukumbuka. Miaka ishirini na sita ya ualimu, na hakujua hata pa kuanzia. Akaanza kulia, kilio cha kwikwi, cha mtu mzima asiyejali tena nani anapita.

Redio akaacha kufua. Akaja akijikausha mikono kwenye sketi, akachuchumaa mbele yake. Akakiona kitabu. Ndani, kwenye ukurasa wa katikati, kulikuwa na picha ya mtoto wa miaka tisa anayecheka, penseli mpya mkononi, na chini yake maandishi mengi.

"Huyu ni mimi," alisema.

Mama yake mkubwa alijifuta macho kwa upindo wa gauni, machozi yakazidi.

Redio akakaa chini, akakiweka kitabu magotini. Akakitazama kwa muda mrefu. Halafu akamgusa mama yake mkubwa goti, kwa upole, kama mtu mkubwa anayembembeleza mtoto.

"Usilie, mama mkubwa. Ngoja nikusomee."

Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, pale pale alipofundishwa. "Mbuzi wetu ana kengele shingoni," alisema. "Kila asubuhi kengele inalia. Siku moja hatukuisikia." Kidole kilikwenda taratibu, mstari hadi mstari. Alipumua baada ya neno njiani. Alipofika kwenye majani, kidole kilikuwa kimefika mwisho wa ukurasa. Akainua macho akamtazama mama yake mkubwa usoni, kujua kama amepatia.